Jiwe Lililokwenda Matembezi

"Kwani hiki ninachokifanya kutwa si kutembea?" aliuliza Lukresia, akiinyosha miguu yake miwili mbele ya daktari kama mashahidi. "Nakanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka jua linazama. Ningekuwa nakanyaga barabara, daktari, leo ungenikuta Dodoma."

Josephati, mganga msaidizi wa zahanati, ambaye Karatu nzima ilimwita daktari naye hakuwahi kumkatalia mtu, alikuwa anafungua kitambaa cha kupimia presha mkononi mwa Lukresia.

"Umekanyaga miaka mingapi?"

"Minane."

"Umefika wapi?"

Lukresia akafikiri. Alikuwa amefika kwenye kibaraza kile kile, mbele ya duka lile lile, akitazama vumbi jekundu la barabara ile ile iendayo Ngorongoro.

"Umeona?" alisema Josephati. "Mia na sabini kwa mia na kumi. Mwanamke wa miaka thelathini na sita hapaswi kuwa na namba za lori. Punguza chumvi. Halafu kila siku, nasema kila siku, tembea saa nzima. Usikimbie, usisimame, usikae. Rudi baada ya wiki nane. Ikishuka, tumshukuru Mungu. Isiposhuka nakuandikia barua ukalazwe mwezi mzima."

"Na watoto?"

"Watoto hawalazwi, mama. Hawana presha."

Daktari alicheka peke yake. Lukresia hakucheka, kwa sababu alikuwa na shemeji.

Shemeji huyo aliitwa Hhando, kaka yake Clemensi, na Clemensi ndiye aliyekuwa mume wa Lukresia. Nasema aliyekuwa. Clemensi alikuwa dereva wa trekta la kijiji, na mwaka 1978 alikwenda Arusha kununua spea. Sasa ulikuwa mwaka 1983 na spea haijafika. Habari zilizofika ni kwamba spea hiyo ilikuwa imeshamzalia watoto wawili kule Ngaramtoni. Trekta lilibaki nyuma ya ofisi likiatamiwa na kuku, na Lukresia alibaki na Marsela wa darasa la tano na Piusi wa miaka mitano, aliyezaliwa baba akiwa bado anatafuta spea.

Hhando aliishi Endabash. Alikuwa na mbuzi arobaini na hakuwa na wa kuwachunga. Kila siku ya mnada alikuja Karatu na punda wake, akasimama mbele ya cherehani, akauliza, "Shemeji, afya inaendeleaje?" huku akimtazama kama mtu anayetazama mkungu wa ndizi za jirani, anahesabu siku za kuiva.

"Njema kabisa, shemeji."

"Maana watoto ni wa ukoo. Ukishindwa, sema tu. Punda yupo."

Na kila mtu alijua kwamba mtoto akishapanda punda wa Hhando, safari ni ya kwenda tu. Marsela, wa kwanza darasani mihula mitatu mfululizo, angekwenda kufundisha hesabu mbuzi.

Kwa hiyo Lukresia alitoka zahanati na maazimio mawili. La kwanza, presha ishuke. La pili, asijue mtu nje ya nyumba yake kwamba iliwahi kupanda. Maana Karatu ukimwambia mtu mmoja asubuhi, mchana umerudishiwa habari yako mwenyewe ikiwa na nyongeza, na ikifika mnadani, punda anafungwa matandiko.

*

Kutembea ni rahisi kwa mtu asiye na watoto. Siku ya kwanza Lukresia aliamka alfajiri akanyata mpaka mlangoni. Piusi, ambaye ngurumo ya mvua haikuwahi kumwamsha, aliamka kwa sauti ya komeo. "Mama unaenda Arusha?" akapiga yowe. Katika nyumba ile, mtu mzima kwenda Arusha lilikuwa jambo zito. Lukresia akarudi kitandani.

Siku ya pili alijaribu mchana, akamwachia kibaraza jirani wa duka. Aliporudi alikuta wateja watatu wamekasirika na wa nne ameondoka na suruali ya mwenzake.

Ikabaki jioni, na jioni ni ya kupika. Hapo ndipo Marsela, aliyekuwa anaosha maharage, aliposema, "Mama, si tuyaweke jikoni twende zetu? Yenyewe yanachemka tu. Hayahitaji kutazamwa."

Lukresia alimtazama binti yake, akatazama chungu. Saa ya mkononi hakuwa nayo. Iliyokuwepo Clemensi aliondoka nayo, labda ili ajue amechelewa kiasi gani. Lakini maharage yaliyolowekwa tangu asubuhi, juu ya gogo moja kubwa la mkaratusi lisilo na haraka, huiva kwa saa moja kasoro kidogo. Hiyo ndiyo ikawa saa ya nyumba. Wakiondoka, chungu kimetengwa. Wakirudi, Piusi anapewa punje moja kwenye mwiko, anaitafuna kwa makini kama hakimu anayesikiliza kesi.

"Magumu!"

Basi wanazunguka tena mpaka kwenye mikaratusi na kurudi. Jioni ya tatu maharage yaliungua, maana yake walikuwa wametembea kupita dawa. Kufika mwisho wa wiki walikuwa wameipata saa yao sawasawa, na Marsela alikuwa anachora mstari wa mkaa nyuma ya mlango kila jioni.

Watoto nao walikuwa na kazi zao. Marsela alisoma vibao vya njiani kwa sauti na kumuuliza mama majedwali, ili mama asipate nafasi ya kuwaza. Piusi alikuwa askari wa mbele. Alitembea kwa ushujaa mkubwa hatua mia mbili, kisha akakumbuka kwamba ana miguu mifupi, na safari iliyobaki aliifanya mgongoni.

*

Adui wao wa kwanza alikuwa ukarimu.

Nchi hii mtu hapiti mbele ya nyumba ya mtu kama upepo. Utasalimiwa, utaulizwa habari za watoto, za ng'ombe, za ndama, za ng'ombe uliokuwa nao zamani, kisha utaambiwa, "Karibu, ukae." Mtu mwenye mikono mitupu akisema hana nafasi ya kukaa, hiyo ni dharau, na ataisikia kanisani Jumapili. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Hyasinta.

"Mnakwenda wapi, mjukuu wangu?"

"Tunatembea tu, bibi."

"Kutembea tu?" Bibi Hyasinta alisogeza kigoda. "Mtu hatembei tu. Umegombana na nani? Kaa. Kunywa togwa, utanieleza."

Wakakaa. Nyumba ya pili walikaa, kwa maziwa ya mgando. Nyumba ya tatu walikaa, kwa uji. Jioni hiyo, katika saa nzima ya matembezi, walitembea nyumba tatu na kunywa vibuyu vitano. Piusi alisema dawa ya mama ni tamu sana. Lukresia alilala akijisikia kama mtungi, na mstari wa mkaa alimkataza Marsela kuuchora, kwa sababu alikuwa mtu mkweli.

"Mama," alisema Marsela kesho yake, "mama mwenye kuni jana alipita pale pale, bibi hakumwambia akae. Alimwambia, 'Pita mwanangu, mzigo hauna subira.'"

Ilikuwa kweli. Mwenye mzigo kichwani hasimamishwi. Anasalimiwa akiwa anakwenda, anajibu akiwa anakwenda, na heshima ya kila mtu inabaki mahali pake. Lukresia akatoa kikapu chake kikubwa, akakifunika kwa khanga, akakitwika. Walipofika mbugani penye mashamba ya ngano, upepo wa baridi ushukao kutoka msitu wa Ngorongoro ulikichukua kikapu hicho kitupu ukakirusha mpaka katikati ya shamba, na Piusi akaanguka chini kwa kicheko.

Basi kesho yake Lukresia alitia ndani jiwe. Lilikuwa jiwe la kusagia la marehemu mama yake, lile dogo la juu linaloshikwa kwa mikono miwili. Tangu mashine ya kusaga ilipofika mjini lilikuwa limekaa kwenye kona bila kazi. Sasa likapata kazi ya kutembezwa.

"Habari za jioni, bibi!"

"Nzuri! Pita mama, mzigo hauna subira!"

Ilikuwa raha. Nyumba ya kwanza, pita. Ya pili, pita. Mpaka mtoni, mpaka kwenye mikaratusi, na kurudi. Miguu iliyokuwa inavimba kila jioni kama mandazi ikaanza kuonyesha vifundo vyake.

*

Sasa, mwaka huo ulikuwa wa namna yake. Sukari ilikuwa habari, sabuni ilikuwa tetesi. Redio haikuwa na wimbo mwingine ila msako wa wahujumu uchumi, na watu walikuwa wanaogopa hata vikapu vyao wenyewe. Fikiria basi kikapu kikubwa, kizito, kimefunikwa kwa khanga, kinachotoka kila siku saa kumi na moja na robo jioni na kurudi saa moja baadaye kikiwa bado kimefunikwa.

Wa kwanza kunong'ona alikuwa mwanamke wa nyumba ya tatu. Alimfuata Lukresia kibarazani, akajifanya anatafuta vifungo.

"Mama Marsela, mimi sina mdomo, unanijua. Nipitishie kilo moja tu."

"Kilo ya nini?"

"Aa, sawa!" Mwanamke alikonyeza jicho. "Nimeelewa. Hapa hapafai."

Kufika mwisho wa juma Lukresia alikuwa na sukari, sabuni ya kufulia, na vitenge kutoka ng'ambo ya mpaka, yote ndani ya jiwe moja. Habari zikafika kwa Wilibrodi.

Wilibrodi alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu mwema kabisa asipokuwa kazini. Alikuwa pia mtu mkubwa. Lukresia alimjua kwa kipimo, maana mwezi wa Februari alikuwa ameipanua suruali yake ya kaki inchi mbili, kwa mara ya tatu, na kumwambia, "Balozi, kitambaa cha kupanua kimekwisha. Mara nyingine tutapanua ukuta." Mkanda wake ulikuwa na matundu aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari, yote yakielekea upande mmoja, ule wa mwisho wa mkanda.

Mpelelezi mzuri hakurupuki. Wilibrodi alinunua daftari, akaamua kumfuata mhujumu kimya kimya mpaka amjue anayempokea mzigo. Kila jioni alitoka nyuma ya kikapu kwa umbali wa hatua hamsini. Lukresia akigeuka, yeye anaingia shambani. Mahindi yalimficha vizuri. Ngano haikumficha, ilimfika kwenye mkanda, lakini Wilibrodi aliamini kwamba mtu akisimama bila kutikisika haonekani.

"Mama," alisema Piusi kutoka mgongoni, "Balozi amesimama kwenye ngano."

"Usimwonyeshe kidole. Mwamkie."

"Shikamoo Balozi!"

Ngano haikutikisika. Kisha, kwa kuwa shikamoo ni shikamoo, ikajibu, "Marahaba."

Lukresia aliona hatari mapema. Angeweza kumgeukia amwambie, "Balozi, ni presha." Lakini mke wake Balozi aliuza vitunguu mnadani, meza yake ikitazamana na pale Hhando alipomfunga punda. Kwa hiyo alinyamaza, akatembea. Na kwa kuwa mtu anayefuatwa hutembea kwa bidii zaidi, akatembea kwa bidii zaidi. Nyuma yake alisikia pumzi ya Wilibrodi ikipanda kilima kama gari la mkaa. Wiki ya tatu pumzi hiyo ilisikika kutoka mtoni. Wiki ya sita ilibidi ugeuke kuhakikisha kwamba bado yupo.

Jioni moja walikutana na Ngoyai, mzee wa Kimaasai aliyekuwa ametoka Nainokanoka, kule juu ng'ambo ya msitu, kwa miguu, na asali ya kumpelekea mkwe wake. Alikuwa mteja, Lukresia ndiye aliyempindia shuka zake. Ngoyai aliwapita watu wote wawili, mwenye kikapu na mwenye daftari, akasimama, akageuka.

"Mama Marsela, yule mtu nyuma yako amepoteza ng'ombe?"

"Ananitafuta mimi, mzee."

"Na wewe unatafuta nini?"

Ngoyai hakuwa na mazoea ya mnadani, na kesho angekuwa mbali. Lukresia akapunguza sauti, akamweleza. Ngoyai alisikiliza mpaka mwisho, akaegemea fimbo yake.

"Daktari amesema kutembea ni dawa?"

"Ndiyo."

"Saa moja?"

"Saa moja."

Alitazama nyuma, kule msituni alikotoka tangu alfajiri, akatazama mbele alikokuwa anakwenda. "Basi mimi," alisema kwa masikitiko, "nimekunywa dawa ya ukoo mzima." Akaenda zake akicheka peke yake.

*

Jioni ya mwisho, mistari ya mkaa ikiwa imejaa nyuma ya mlango na kuanza kushuka ukutani, Wilibrodi aliamua kwamba upelelezi umekomaa. Alijitokeza kwenye mikaratusi, filimbi shingoni.

"Ndugu Lukresia! Simama kwa jina la kijiji!"

"Siwezi kusimama, Balozi. Nina maharage jikoni."

Kikapu kilikuwa kinakwenda tayari. Ikabidi Wilibrodi amhoji huku anatembea naye sambamba.

"Ndani ya kikapu kuna nini?"

"Jiwe."

"Jiwe gani?"

"La kusagia."

"Umelitoa wapi?"

"Nyumbani."

"Unalipeleka wapi?"

"Nyumbani."

Wilibrodi alitembea hatua kumi akilipima jibu hilo kwa upande wa sheria. Kisha akanyosha mkono, akafunua khanga. Lilikuwa jiwe. Aliligonga. Alilinusa. Akatazama huku na huku, akalilamba kidogo, maana alikuwa amesikia kwamba wahujumu wa siku hizi wana mbinu.

"Tamu?" aliuliza Piusi.

"Ndugu Lukresia," alisema Wilibrodi, akijifuta ulimi, "hili ni jiwe."

"Hongera, Balozi."

"Usinicheke! Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetembeza jiwe wiki sita. Kuna jambo hapa, na ndilo nisilolijua. Kama si magendo, ni uzururaji, na uzururaji nao ni kosa. Kesho asubuhi nakupeleka ofisi ya kata."

Hapo Lukresia alisimama, maharage au si maharage. Kesho ilikuwa siku ya zahanati. Kesho hiyo hiyo ilikuwa siku ya mnada, na punda wa Endabash angekuwa mjini. Alimtuma Marsela atangulie na Piusi kutazama chungu, akamweleza Wilibrodi yote: namba za lori, barua ya kulazwa, mbuzi arobaini.

Wilibrodi alikuna kidevu. "Kila mkosaji ana maneno mazuri," alisema, lakini kwa sauti ya chini. "Kwanza zahanati, basi. Nitakwenda na wewe. Daktari akikukana, tunaunganisha mpaka kata."

Lukresia aliporudi nyumbani, maharage yalikuwa yameungua: watoto walikuwa mlangoni wakimchungulia mama, si chungu.

*

Habari Karatu hazihitaji barabara. Asubuhi, Lukresia na Wilibrodi walipoingia uani mwa zahanati na jiwe lao kama kielelezo, Hhando alikuwa ameshafika. Punda alikuwa amefungwa kwenye mti, na juu ya matandiko kulikuwa na magunia mawili matupu, ya nguo za watoto.

"Shemeji! Nimesikia unafungwa," alisema Hhando kwa huruma kubwa. "Nikasema nisichelewe."

Lukresia akaingia ndani moyo ukidunda kama mashine ya kusaga. Josephati akamfunga kitambaa, akapuliza, akasikiliza. Uso wake ukabadilika.

"Mia na sitini na tano."

Dirishani paliingia kichwa cha Hhando, na chini yake kidogo kichwa cha punda. Mlangoni Wilibrodi alikuwa amesimama na daftari.

"Umetembea kweli, Mama Marsela?" aliuliza Josephati. "Niambie tu. Wengine huwa hawatembei."

"Nimetembea kila siku isipokuwa ya kwanza, na moja ya togwa!"

"Kila mtu husema hivyo."

"Daktari," alisema Wilibrodi kutoka mlangoni, akikohoa, "mimi nina ushahidi."

Lukresia akafumba macho. Wilibrodi akafungua daftari, akasoma kwa ile sauti yake ya mkutanoni: "Jumatatu. Saa kumi na moja na robo, kikapu kimetoka. Saa kumi na mbili na robo, kikapu kimerudi. Hakikusimama. Jumanne. Saa kumi na moja na robo, kikapu kimetoka. Mvua. Saa kumi na mbili na robo, kikapu kimerudi. Mimi nimeloa. Jumatano..."

Alisoma wiki sita nzima. Hakuruka siku. Kadiri alivyosoma, sauti ya mkutanoni ilipungua, kwa sababu hata yeye alianza kusikia anachokisoma. Aliyekuja kushitaki alikuwa amesimama pale anatoa ushahidi wa upande wa pili, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Josephati alilichukua daftari, akaligeuza kurasa, akalitua mezani.

"Mgonjwa wangu amekunywa dawa yote," alisema. "Basi hii namba si ya presha. Hii ni ya watu mliojaa hapa. Wewe mwenye punda, toka dirishani. Toka na punda. Balozi, kaa nje. Mama Marsela, lala hapo robo saa, usifikirie mtu."

Robo saa ile Lukresia alifikiria maharage tu: yanavyozama yakilowekwa asubuhi, yanavyopanda na kushuka yakianza kuchemka, na Piusi na mwiko wake. Josephati akarudi, akapuliza, akasikiliza. Akapuliza tena. Kule nje alisikika punda akitafuna kitu ambacho pengine kilikuwa gunia.

"Mia na thelathini na mbili," alisema Josephati polepole, "kwa themanini na nne."

"Hiyo ni ya lori?"

"Hiyo ni ya mtu, mama. Barua sikuandikii. Nenda nyumbani ukatembee."

Lukresia alitoka nje akicheka na machozi yakimtoka, vyote kwa pamoja. Hhando akasimama.

"Vipi, shemeji?"

"Imeshuka!"

"Imeshuka," alirudia Hhando. "Pole sana. Yaani, hongera."

"Asante. Na kwa kuwa una nafasi juu ya punda, shemeji, kuna sare mbili za shule nilizowashonea watoto wa jirani yako pale Endabash. Utanipelekea. Usisimame njiani, mzigo hauna subira."

Wilibrodi alikuwa bado ameketi kwenye benchi, kofia mkononi. Josephati alimtazama kutoka mlangoni, akaitazama suruali ya kaki, iliyokuwa imekunjwa kiunoni na kukazwa kwa mkanda wenye tundu jipya, upande ule mwingine.

"Balozi, hebu njoo. Januari nilikupima nikakuambia nini?"

"Uliniambia nitembee."

"Ukasema?"

"Nikasema sina nafasi, nina kazi za watu."

Alipimwa. Josephati alitazama namba, akaitazama ya Januari kwenye kadi, akapima upya kwa kudhani mashine imeharibika.

"Umetumia dawa gani?"

"Hakuna dawa," alisema Wilibrodi kwa unyonge. "Nilikuwa kazini. Nilikuwa namfuata huyu."

Kwa jinsi Lukresia alivyocheka, Josephati alitishia kumpima tena.

Walirudi pamoja kwa miguu, Balozi akiwa amebeba jiwe, kwa kuwa kielelezo ni mali ya mwenye kesi mpaka kesi ifungwe. Alisema kesi imefungwa walipofika kibarazani. Kisha akavua mkanda, akauweka juu ya cherehani, akasema suruali inahitaji kupunguzwa inchi mbili, na kwamba angeshukuru kama jambo hilo halitazungumzwa mnadani.

"Nitapunguza moja tu," alisema Lukresia, kalamu ya chaki mdomoni. "Inchi nyingine nakuachia. Nakujua."

Jioni, saa kumi na moja na robo, alitenga chungu, akamfunga Piusi mgongoni kabla hajakumbuka miguu yake, akainama kuchukua kikapu. Kikapu hakikuwepo. Kilikuwa nje, juu ya kichwa cha balozi wa nyumba kumi, kimefunikwa kwa khanga sawasawa.

"Zamu yangu kubeba," alisema Wilibrodi. "Nyumba ya Bibi Hyasinta wamenikaribisha togwa mara mbili leo. Siwezi kupita mikono mitupu."

"Balozi, umeweka maharage jikoni kwako?"

"Mke wangu ameyaweka. Amesema niwaulize, tutajuaje yameiva?"

Piusi aliinua kichwa kutoka mgongoni mwa mama yake.

"Mimi nitakuja kuonja," alisema.